Sauna yangu ya uani Goba: shida haikuwa joto

Swali la kwanza lilitoka kwa fundi seremala, siku nilipomchorea kile chumba mchangani kwa kijiti. Mita mbili kwa moja na themanini, dari mita mbili na kidogo, dirisha hakuna. Akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Bosi, hiki ni cha mganga?" Nikamwambia ni sauna, chumba cha kukaa kwenye joto mpaka utoke jasho. Alipangusa jasho la Februari usoni, hakuuliza tena.

Mama alikuwa mkali zaidi. "Joto la Dar tunapewa bure, mwanangu, wewe unalijengea nyumba?"

Ugonjwa huu niliupata Joensuu, mashariki mwa Ufini, nilikokwenda kwa masomo ya misitu. Wale watu ni kama milioni 5.5 na sauna zao zinakadiriwa kufika milioni 3, kwa hiyo hata bweni letu la wanafunzi lilikuwa nayo, na kila mtu ana zamu yake. Ndani nyuzi 80, nje nyuzi 18 chini ya sifuri. Unatoka na taulo, unasimama kwenye theluji huku mwili unafuka moshi kama sufuria ya uji, na husikii baridi kabisa. Niliporudi nyumbani kitu hicho kilinikaa kichwani miaka.

Mawe ya kupanga juu ya jiko, yale unayoyamwagia maji yatoe mvuke, ndiyo yaliyonipa kazi. Kijana niliyemtuma aliniletea mawe ya matumbawe, maana ndiyo yaliyojaa pwani yetu. Nikayarudisha. Hayo ndiyo wazee walikuwa wakiyachoma kupata chokaa. Ukiyaweka juu ya moto kila wiki yatamomonyoka tu. Ya mtoni nayo sikuyataka, kwa sababu maji yaliyojificha ndani ya jiwe yakipata moto ghafla yanaweza kulipasua. Mwishowe nikapata mawe magumu ya Lugoba, kule zinakotoka kokoto za majengo, ya ukubwa wa ngumi na kuzidi kidogo.

Kwa mbao, kila aliyepita alinishauri mninga. Mninga ni mbao ya heshima, weka mlangoni. Lakini mbao nzito ikishika joto inakuunguza makalio. Nilitumia msonobari wa shamba la miti la Sao Hill, nikachagua vipande visivyo na vifundo, kwani kwenye kifundo ndiko utomvu unakochuruzika ukipata moto. Varnishi ndani sikupaka. Chumba kizima nilikiinua juu ya matofali kwa ajili ya mchwa, na mlango unafunguka kwa nje, hauna komeo.

Jiko nilichomelewa na mafundi wa mtaa wa Gerezani mjini, la chuma kinene, lenye mlango na bomba la kutolea moshi. Nililiwasha mara mbili uwanjani kwanza ili rangi na mafuta yaungulie huko. Kuna jirani aliniambia ningeokoa pesa kwa kuingiza jiko la mkaa tu. Hapana. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi isiyo na harufu, nayo inaua. Mimi natumia kuni kavu, na hewa inaingia kwa tundu la chini karibu na jiko, inatokea la juu ukuta wa pili.

Misumari ya benchi nilimwambia fundi aizamishe yote. Akaizamisha yote isipokuwa mmoja. Nina alama ya duara pajani, ndogo kama punje ya kunde, na najua ni siku gani niliipata.

Siku hiyo ilikuwa Machi. Kipimajoto kilifika 80, nikapanda benchi la juu, nikachota maji kwa kata ya kifuu cha nazi (sijaona kitu kinachofaa kuliko hiki, mpini wa mti hauunguzi mkono) nikamwagia mawe. Mvuke ukapanda, ukanifunika mabega. Raha. Baada ya dakika kumi nikatoka nje kutafuta ile Joensuu yangu, nikakutana na Dar es Salaam. Usiku nyuzi 29, hewa nzito, jani la mwembe halitikisiki. Ndani hewa ilikuwa kavu na jasho lilikuwa likikauka lenyewe. Nje liliganda mwilini kama mafuta. Nikafungua bomba nijimwagie, maji ya simtank yakatoka vuguvugu. Nililala saa nane, bado natoka jasho. Kesho yake Mama akasema chumba kile kingefaa sana kwa kuku.

Ndipo nikaelewa kwamba hapa kwetu kupata joto ni kazi ndogo. Kazi ni kupoa, na sikuwa nimeipangia hata shilingi.

Nilianza na barafu ya Feri, soko la samaki. Ilifika Goba nusu yake, na ilinukia samaki, nami nikanukia hivyo hivyo. Sasa nagandisha ndoo ndogo mbili kwenye friza tangu Alhamisi. Jumamosi alfajiri, maji ya simtank yakiwa yamepoa usiku kucha, najaza diaba chini ya mwembe na kulifunika. Jioni barafu inaingia humo. Lakini kilichoniokoa hasa ni feni ya mezani. Naiweka kibarazani pakavu, mbali na maji, nakaa mbele yake na ngozi iliyolowa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilitetemeka. Goba, nikatetemeka!

Siku hizi ni dakika kumi ndani, kumi na tano nje, mara tatu, na dafu katikati. Bia tunaiacha mpaka mwisho. Mke wangu anapenda Juni na Julai, wakati wa kipupwe, maana hapo hata feni hatuihitaji. Mwenye presha au mjamzito anayetutembelea namwambia amwulize daktari wake kwanza.

Mama hajaingia hata mara moja. Aliwahi kuleta mchaichai nichemshie maji ya kumwagia, akisema nyungu bila majani ni ujinga, na kweli harufu ilikuwa nzuri. Nikadhani ameanza kulainika. Kumbe alikuwa amegundua kwamba Jumapili asubuhi chumba bado kina joto na ni kikavu kuliko pengine popote nyumbani. Nilikuta ungo wa pilipili kichaa umetandazwa benchi la juu, zimenyauka vizuri.

Jumamosi iliyofuata nilimwaga kata ya kwanza. Tulikuwa watatu ndani, mimi, mke wangu na shemeji. Tulitoka mbio tukikohoa na macho yakitiririka, na Mama pale kibarazani akauliza kama tumeshapoa.