Baridi yabisi inapoamka ghafla: ninavyojipanga ili msaada uje mapema

Kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nakunja ngumi mikono yote miwili na kuangalia saa. Siku ya nafuu vidole hugusa kiganja ndani ya dakika 10 au 15. Ikipita saa nzima bado havijafika, ugonjwa umeamka. Kisha natazama vifundo. Ngumi ya mkono usiovimba huonyesha vibonde kati ya kifundo na kifundo. Uvimbe ukiingia, vibonde hujaa. Nikibonyeza pembeni mwa kiungo, panabonyea kama mpira laini, kwa sababu kilichovimba ni utando wa ndani unaoshambuliwa na kinga ya mwili yenyewe. Kinundu kigumu kama mfupa ni jambo jingine.

Napima hivi kwa sababu ukimwambia muuguzi "naumwa sana" unawekwa kwenye foleni ya kawaida. Ukimpa vipimo, ana cha kumpelekea daktari. Ujumbe wangu nimeuandika siku ya nafuu na kuuhifadhi kwenye simu, nikabakiza nafasi za kujaza, maana vidole vikivimba hata kuchapa ni kazi:

"Ugonjwa umeamka tangu juzi. Vimevimba vifundo viwili vya mkono wa kulia, viungio vya viganja vyote viwili (panapoungana kiganja na mkono) na goti la kushoto. Ukakamavu wa asubuhi dakika 90. Maumivu 7 kati ya 10. Sina homa. Methotreksati, dawa yangu ya msingi, nimemeza siku yake, sijaruka dozi. Siwezi kufunga vifungo wala kushika kikombe. Naomba kuonwa wiki hii."

Naambatanisha picha ya mikono yote miwili pamoja, kwenye mwanga wa dirishani, kwani mara nyingi uvimbe hupungua kabla ya siku ya miadi. Nyayo na vifundo vya miguu navitaja kwa jina: hesabu ya viungo 28 inayotumika sana kliniki kupima ukali wa ugonjwa haivihusishi. Na kipimo cha damu cha uvimbe kikirudi salama wakati viungo vimejaa, naomba viungo vyenyewe vishikwe. Damu inaweza kuwa ya kawaida na ugonjwa ukawa macho.

Ujumbe huo hufanya kazi kwa sababu maswali matatu yalishajibiwa mapema na daktari, kwa maandishi: nimpigie nani na nisubiri siku ngapi, dawa ipi ya maumivu inafaa tumbo, figo na shinikizo langu la damu, na kama nikae na prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) nyumbani, dozi gani, kwa siku ngapi. Nakala moja anayo mtu ninayeishi naye.

Kwenye dawa ndipo watu wengi wanapoumia. Ibuprofeni, diklofenaki na naproxeni, dawa za maumivu, ni ndugu: nameza moja tu, baada ya kula. Kuchanganya mbili hakuongezi nafuu ya maana, kunaongeza hatari ya vidonda vya tumbo na figo kuharibika. Prednisoloni hutuliza ndani ya siku moja au mbili, na utamu huo ndio mtego wake. Ukiitumia wiki kadhaa kisha ukaikata ghafla, mwili unakuwa umeshapunguza kutengeneza homoni yake yenyewe na unaweza kuzidiwa vibaya, kwa hiyo inapunguzwa kidogo kidogo kama daktari alivyopanga. Methotreksati ni mara moja kwa wiki, basi. Kuiongeza ili kufukuza maumivu ya leo hakusaidii, kwani huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake, na kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu. Jina la siku naliandika kwa kalamu nene juu ya pakiti.

Wakati nasubiri kuonwa, kiungo chenye joto nakiwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15. Maji ya uvuguvugu ni ya ukakamavu usio na joto. Ukiyatumia kwenye kiungo kinachowaka, mpwito huongezeka. Kiganja nakilaza kwenye gango la kukinyoosha usiku, mchana nalivua na kukichezesha taratibu mara chache. Mto chini ya goti nauepuka, ingawa unaliwaza kweli: goti lililolala limekunjwa siku nyingi huanza kugoma kunyooka.

Kuna hali ambayo siisubirii hata jibu la ujumbe. Kiungo kimoja kikivimba na kuwaka kupita vyote, hasa pamoja na homa au kutetemeka, huenda kina maambukizi ya bakteria, nayo huweza kukiharibu ndani ya siku chache. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Kukosa homa hakunitulizi, kwa sababu prednisoloni na dawa za kushusha kinga huificha. Vivyo hivyo jicho jekundu lenye maumivu makali, kubanwa pumzi, au shingo inayouma huku mikono au miguu ikifa ganzi.

Kila ugonjwa unapoamka naandika tarehe ulipoanza, ulipotulia na kilichotangulia: dozi iliyorukwa, mafua, kazi nzito. Tarehe zikianza kukaribiana, mara mbili ndani ya miezi mitatu kwa mfano, napeleka daftari hilo kliniki na kuomba dawa ya msingi iangaliwe upya badala ya kupewa prednisoloni nyingine.