Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya radi

Saa 11:15 alfajiri. Hapa Minnesota bado giza, lakini Morogoro ni saa 7 na robo mchana na mama ameshakula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo mnacheza?"

"Wanacheza, mama. Mimi nasimamia."

Jibu hilo halijamwingia hadi leo. Yeye ananikumbuka mimi namba sita wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, niliyerudi nyumbani magoti yamechubuka. Mkurugenzi wa michezo wa chuo ni mdudu gani, hajui. Hata mimi nilipoomba kazi sikuwa najua vizuri.

Saa 12:30. Uwanjani. Zamani ningeanza na nyasi. Siku hizi naanza na vyoo. Kisha gari la wagonjwa litaegeshwa wapi, chumba cha waamuzi kina maji, lango la wageni limefunguliwa. Leo tuna futiboli ya Kimarekani saa 7 mchana, na jioni wasichana wana soka, mpira wetu ule wa miguu.

Saa 2:00. Barua pepe ya mzazi, ndefu kama hati ya mashtaka: kwa nini mwanawe hapangwi? Najibu mistari miwili. Kupanga timu ni kazi ya kocha, na kocha nikimwingilia leo, kesho hana timu.

Watu wa nyumbani wakisikia "chuo cha Marekani" wanadhani tunaogelea kwenye dola. Wapo wanaoogelea. Tangu 2025 vyuo vikubwa vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Huko ndiko alikokuwa Gene Smith, aliyecheza futiboli Notre Dame ilipotwaa ubingwa wa 1973, halafu akaongoza michezo ya Ohio State tangu 2005 hadi 2024. Sisi tuko daraja la tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Huku ni marufuku kumpa mtu ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji cha mchezo.

Sasa chuo kidogo kinabebea nini vijana zaidi ya mia wa futiboli? Karo. Kijana anayekuja kucheza ni kiti kilichojaa darasani, na wakuu wa chuo wanalijua hilo kuliko wanavyojua matokeo. Ila ukiongeza wavulana mia, sheria ya Title IX ya 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia vyuoni, inakuuliza wasichana wako wapi. Asubuhi yangu karibu yote huishia kwenye hesabu hiyo.

Saa 5:30. Chakula na wahitimu wa zamani, wale wenye kitabu cha hundi. Mzee mmoja akisikia natoka Tanzania huwa ananiuliza habari za Suleiman Nyambui, mwanariadha aliyekimbia kwa niaba ya chuo cha El Paso, Texas, na kupata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Namshukuru Nyambui kimoyomoyo. Amenichangishia zaidi ya hotuba zangu zote.

Saa 7:00. Mpira umeanza. Niliangalia dakika nne.

Saa 8:40. Radi. Waamuzi wanasimamisha, watu wanaelekezwa kwenye ukumbi na magarini. Kanuni ni dakika 30 tangu radi au ngurumo ya mwisho, na ikipiga tena unaanza kuhesabu upya. Ilipiga tena dakika ya 18. Hapo ndipo kocha wa wageni aliponivuta pembeni.

"Dereva wangu alianza kazi saa 12 asubuhi."

Nikaelewa bila kuelezwa. Dereva wa basi la abiria haruhusiwi kuendesha akishafikisha saa 15 za kuwa kazini. Kwake, bila mapumziko, hiyo ni saa 3 usiku, na safari yao huchukua muda wa saa nne. Lazima wawe barabarani kufikia saa 11 jioni. Wakichelewa, natafuta vitanda vya timu nzima katika mji wenye hoteli mbili.

Saa 9:28 waamuzi wakaruhusu. Tulikubaliana kupasha misuli dakika kumi tu. Wakati wanacheza, mimi nilikuwa jikoni naomba piza zifungwe kwenye maboksi. Tulishinda, nadhani kwa pointi sita; niliuliza baadaye. Wageni walipanda basi bila kuoga, matope hadi masikioni, piza mapajani. Saa 10:57 basi likatoka getini. Dereva alinipungia mkono, nami nikapunga kama nimefunga bao la fainali.

Saa 12:20 jioni. Wasichana, chini ya taa, nyasi bado mbichi. Nikasimama kwenye kona, mahali ambapo hakuna anayenitafuta. Namba sita wetu ni wa mwaka wa kwanza, mwembamba, haongei. Lakini anasoma pasi kabla haijapigwa. Anasogea hatua mbili tu na mpira unamkuta pale pale. Miguu yangu ikaanza kusogea naye, ndani ya viatu vya ofisini.

Redio ya upepo ikakoroma kiunoni. Choo cha upande wa wageni kimeziba.

Niliangalia dakika 11. Kwa msimu huu, hiyo ni rekodi yangu.