Jiwe la Mvule

Jana jioni binti yangu alikuwa akiandika kazi ya madrasa kwenye meza ya ukumbini, kalamu ikamruka. Akapitisha kidole, akakirudisha, kisha akaniita. "Baba, huu mstari mbona unaanzia hapa katikati?" Nikamwambia ni jiwe. Hakunielewa, na mamake akamwita akaoge, maneno yakakatika hapo. Mimi nikabaki nimekaa na kidole changu juu ya mstari.

Ubao uliotoa meza ile uliegemea ukuta wa jikoni, nyumbani Likoni, tangu babangu alipofariki, Mungu amrehemu. Mvule mtupu: upana inchi 15, unene inchi 2, urefu wa mtu na nusu. Mvule wa upana huo mimi sijauona tena kwa wauza mbao.

Mashine yangu ndogo ya randa mdomo wake ulikuwa inchi 12. Nilikuwa nimeifanyia kazi miaka minne, stuli, rafu, vitanda vya watoto, na siilaumu. Ilipiga yowe hadi nyumba ya tatu, na kila ubao iliuma ncha, zile inchi mbili tatu za mwisho zikazama kuliko kwingine, kwa hiyo nilizoea kuacha ubao mrefu kusudi nizikate baadaye. Lakini ubao wa babangu haukuingia. Ami mmoja seremala, aliyefanya kazi na babangu miaka mingi Majengo, alinishauri kama walivyonishauri wote: "Upasue katikati, mwanangu, piga randa vipande viwili, kisha uvigundishe. Nani atajua?"

Ningejua mimi.

Nikaweka akiba mwaka mzima. Mashine kubwa niliipata Changamwe kwenye karakana iliyokuwa ikifungwa: chuma cha kusubu, mdomo wa inchi 16, visu vitatu, uzito kama kilo 250. Mota yake ilikuwa ya fezi tatu na kwangu stima ni fezi moja, ikabidi nitafute mota nyingine ya nguvu ya farasi 3, swichi yake, na waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mita. Hayo yalikula pesa kuliko nilivyopanga. Tulipofika feri maji yamekupwa, njia ya kushukia imeinama sana, mahamali wanne wanauvuta mkokoteni kwa nyuma usiwaponyoke, nami pembeni namwomba Mungu kwa sauti. Ilifika salama.

Siku mbili nzima niliunyoosha upande mmoja wa ubao kwa randa ya mkono, ile ya babangu, ili ulale sawa juu ya meza ya mashine. Jumamosi asubuhi nikaugeuza. Upande wa juu nikausugua kwa brashi ya waya kuondoa mchanga, maana mchanga unaua visu. Karibu na katikati palikuwa na alama ya mkaa, mistari miwili imekatana kama mkasi. Nikadhani ni hesabu ya dukani. Nikaifuta pamoja na uchafu.

Nikachora penseli ovyo ovyo upande wote, nikajifunga kitambaa puani kwa sababu vumbi la mvule linawasha, nikawasha. Haikupiga yowe. Ilinguruma chini kwa chini, miguu ikaisikia kabla ya masikio. Rola zikaushika ubao zikaanza kuuvuta taratibu, nami nimeuinua kidogo mwishoni ili ncha isiumwe. Mara ya kwanza ulitoka na madoa ya kijivu, penseli imebaki kwenye mabonde. Nikapandisha meza nusu milimita. Mara ya pili mabonde yakapungua, na rangi ikajitokeza, ile manjano ya mvule uliokatwa sasa hivi kabla hewa haijaugeuza kahawia. Maranda yakajaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Nikateremsha kitambaa makusudi, hata kama nitapiga chafya. Ilikuwa harufu ya shati la babangu la kazini. Mamangu alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni na leso begani, hasemi neno.

Mara ya tatu ikalia *tak*. Mara moja tu, kavu, kama kokoto juu ya bati.

Nilipozima, ubao ulikuwa umeshapita. Mama ndiye aliyeugusa kwanza. Palikuwa na kidoa cheupe, kidogo kuliko punje ya kunde, na kuanzia hapo mstari umeinuka, mwembamba kama uzi wa kushonea, umenyooka hadi mwisho wa ubao. Visu vyote vitatu vilikuwa vimemeguka mahali pamoja.

"Hapo si ndipo palipokuwa na ule mkasi?" Mama akauliza.

Ndipo hasa. Nikamuuliza alama ile ilikuwa ya nini. "Babako alikuwa akizichora mbao zake hivyo. Mimi sikumuuliza."

Jioni ami akaja. Akanieleza kwamba mvule huweka mawe ndani yake, chokaa iliyoganda, mti wenyewe ndio unaoyafanya. Akanionyesha namna ya kulegeza kisu kimoja na kukisogeza upande unene wa kucha, mapengo yasifuatane, na tangu siku hiyo mbao zangu zinatoka safi. Kuhusu mkasi alifikiri kwa muda mrefu. Wako mafundi, akasema, wanaoweka alama penye jiwe, na wako wanaoweka kwenye ubao ulioahidiwa mtu. Babangu hakuwahi kumwambia alikuwa wa kundi gani.

"Pitisha mara moja tu," akaniambia, "mstari utaondoka." Nilikuwa na unene wa kutosha. Sikupitisha. Nikaufanya meza hivyo hivyo, na hadi leo siwezi kusema vizuri kwa nini.

Bandani zimebaki mbao mbili za marehemu. Moja ina mkasi wa mkaa, juu kidogo ya fundo la ubao. Kesho binti yangu akitoka madrasa nitampeleka akauone, kabla sijaamua lolote.