Gati la Misawa na ubao wa mjomba

Jioni ya pili baada ya kurudi kwetu Pangani, mjomba alinichukua hadi pwani kunionyesha vilivyoletwa na kusi: ndala, maboya, na ubao wa chombo wenye matundu ya misumari iliyokwisha kuliwa na kutu. Aliubeba ubao ule akauegemeza kwenye mnazi, juu ya upeo wa bamvua, mwenyewe asije kuutafuta akaukosa, nami nikajikuta namsimulia habari za Oregon, jimbo la Marekani nilikoishi miaka yote hiyo.

Mnamo Juni 2012, gati zima la zege na chuma, lenye urefu wa meta 20 hivi, lilikwama katika ufuo wa Agate Beach, karibu na mji wa Newport. Lilikuwa limeng'olewa katika bandari ya Misawa, Japani, na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, likaelea baharini kwa karibu miezi 15. Asili yake ilijulikana kwa kibao kidogo cha chuma chenye maandishi ya Kijapani.

Kilichonishangaza zaidi ni uhai uliokuwa juu yake. Kome walikuwa wameshikamana tabaka juu ya tabaka, kaa wakijificha kati yao, na mwani wa kahawia ukining'inia ubavuni. Wataalamu walihofu kwamba wageni hao wangezaana na kuwasonga viumbe wa pale, kwa hiyo watu waliojitolea waliwakwangua kwa sepetu, wakawazika mbali na maji, kisha gati likaunguzwa kwa moto. Niliwahurumia viumbe waliovuka Pasifiki yote kuja kufa hivyo, ingawa naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihesabu aina 289 za viumbe wa Japani waliofika hai kwa njia hiyo, wengi wakibebwa na plastiki, ambayo haiozi kama mbao.

Nilimweleza pia habari za mashua ndogo ya shule ya Rikuzentakata, mji wa Japani uliopigwa na tsunami ile ile, iliyofika Crescent City, California, mwaka 2013. Wanafunzi wa Crescent City waliisafisha, ikarudishwa Japani.

“Na wenyewe, mwanangu, walisalimika?” mjomba aliuliza.

Nilimwambia kwamba Rikuzentakata ulipoteza watu zaidi ya 1,700. Alinyamaza kitambo, kisha akaurudia ubao, akaufunga kamba kwenye mnazi.