Raidi ya Istanbul iliyokuwa ikimeza mapigo: nilivyotatua

Toazi langu la raidi (toazi kubwa la seti ya ngoma, la kushikia mwendo), inchi 20, lilisikika vizuri kwenye jazi ya polepole. Bendi ikikaza mwendo, mvumo ulipanda mpaka mlio wa kijiti ukapotea. Kubandika utepe chini yake kuliua sauti yote. Vijiti vizito vikaongeza mvumo.

Ufumbuzi ulitoka kwenye mizani ya jikoni: gramu 1,650. Jembamba mno, linatikisika zima kila likiguswa. Matoazi yanayofuliwa kwa nyundo ya mkono hayafanani hata yakiwa na jina moja na bronzi ileile, shaba 80% na bati 20%. Usinunue jina, nunua uzito.

Dukani nilipima matatu ya jina lilelile, nikachukua la gramu 2,050. Kabla ya kulipa, legeza nati toazi licheze, tumia vijiti vyako mwenyewe, piga kwa kasi yako halisi kwa dakika nzima, maana mvumo hujijenga taratibu. Pigo moja moja hudanganya. Kisha mwingine apige, wewe usimame mita tano mbele. Anayependa kuligonga ukingoni litoe mlipuko wa sauti, lile jembamba ndilo lake.