Nilivyouhariri mwongozo wa programu ya wavuvi, Kizingitini

Vijana waliotengeneza programu ya kurekodi samaki wanaoteremshwa pwani walinipigia simu wakitaka niupige pasi mwongozo wao. Programu ilikuwa tayari, mwongozo upo, tena mnene, na bado makarani wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, walikuwa wakiandika kwenye daftari kana kwamba hawajaletewa kitu. Mimi nimekaa miaka kwenye meza ya uhariri wa gazeti kabla ya kurudi nyumbani Langoni, mjini Lamu, kwa hiyo bei yangu niliitaja bila haya. Wakaguna. Kwao mhariri ni mtu wa nukta na mkato, kazi ya jioni moja.

Nilikubali kwa sharti kwamba sigusi sentensi kabla sijamwona karani akiutumia. Tukapanda boti ya abiria kwenda Kizingitini, kisiwani Pate, safari ambayo saa yake hupangwa na maji, maana mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, si mahali pa kupita maji yakishatoka. Tulifika wapiga mbizi wakiteremsha kamba mawe. Karani, mama wa makamo mwenye hati nzuri kuliko yangu, alikuwa akisikiliza uzito unaoitwa mizanini na kuandika bila kuinua kichwa.

Nikamwomba aingize mashua moja tu kwenye simu, mwongozo ukiwa kando yake. Kijana wa programu nilimkataza kufungua mdomo. Ukurasa wa kwanza, historia ya mradi. Unaofuata, shukrani. Namna ya kuingiza samaki ilikuja mbali sana huko ndani, na hatua yake ya kwanza ilisema: "Hakikisha usajili wa chombo umefanyika ipasavyo."

"Umefanywa na nani, mwalimu?" akaniuliza. "Na mimi au na nyinyi?"

Tukatazamana. Wataalamu hupenda kuandika hivyo, kila kitu kimefanyika na hakuna aliyekifanya.

Lakini iliyonilipia ada yangu yote ni sentensi ya mwisho: "Data zitahifadhiwa baada ya usawazishaji kukamilika." Kisarufi haina kosa; mtu wa nukta na mkato angeipita. Nikauliza, na kabla ya kukamilika, yaani kabla simu haijazipeleka kwenye seva, kompyuta yao ya mbali, ziko wapi? Maana mtandao wa huku huja ukaondoka. Kijana akajibu kuwa ziko kwenye simu, bila shaka.

"Umejaribu?"

Akazima bando, akaingiza samaki, changu na tafi, akabonyeza Toka, akafungua tena. Orodha tupu. Akarudia, tupu vilevile. Karani akacheka, akagonga daftari lake kwa kalamu: "Hili halijanipotezea hata kilo."

Kijana alitaka niandike onyo kwa herufi nyekundu: usitoke kabla mtandao haujarudi. Nilikataa. Karani ana mizani, ana wavuvi wanaogombana foleni, halafu umbebeshe na kukumbuka jambo ambalo programu ingelikumbuka yenyewe? Wakairekebisha. Sasa kila rekodi hubaki kwenye simu hadi seva iipokee, na juu ya skrini huonekana idadi ya zinazosubiri. Maelezo yangu ya sehemu hiyo yakawa mistari miwili.

Kuandika mwongozo ndiko kulikofichua kasoro ile, wala si mimi niliyebuni mtindo huu wa kuzitaja kasoro waziwazi. Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, uliotoka maabara ya Bell Labs, Marekani, Novemba 1971, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulikuwa na nafasi ya kutaja kasoro za amri inayoelezwa. Nikawawekea vijana nafasi kama hiyo. Iliwaudhi mno, kisha wakaona kwamba kasoro nyingine ni rahisi kuiondoa kuliko kukaa kuiandika ikasomwa na mteja.

Mengine yalikwenda haraka. Historia na shukrani nilizipeleka nyuma kabisa. Hatua za kila siku zikaingia kwenye karatasi moja iliyofunikwa plastiki, ibandikwe kando ya mizani, na maelezo ya kila kitufe yakawa kitabu cha pekee cha mwenyekiti na afisa wa uvuvi. Daniele Procida, katika Diátaxis, mpangilio wake wa kuandika miongozo ya programu, hutenga mambo manne: mafunzo, hatua za kazi, marejeo na ufafanuzi. Mimi nilihitaji mawili.

Kila hatua nikaipa kitendo kimoja na kile kinachoonekana baada yake: "Bonyeza Hifadhi. Utaona alama ya kijani mbele ya jina la mashua. Usipoiona, angalia kama umejaza uzito."

Karani anaandika kote kuwili, simu na daftari, na sikumshauri aache. Simu za usiku za kuwauliza vijana zimepungua, wanasema wenyewe. Sasa wana programu nyingine, ya leseni za vyombo, na safari hii wamenitumia michoro ya skrini kabla ya kuandika msimbo wowote. Kwenye mmoja kuna vitufe viwili vilivyopakana, Tuma na Wasilisha. Nimewauliza tofauti yake nini, bado wanajadiliana.