Nilivyochora nembo ya kampuni ya mlimani bila kuchora mlima

Hapa Moshi ukiambiwa uchore nembo ya kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, mkono unachora wenyewe: Kibo, twiga, mgunga, jua linazama. Kila gari mjini limebandikwa hivyo.

Kwanza, ule ushauri wa "kaeni pamoja mtupe mawazo" uacheni. Mteja wangu aliung'ang'ania, tukajazana ofisini kwake. Meneja akasema "simba". Basi! Simba aliyesimama, simba aliyelala, simba mwenye miwani, mpaka chai ikaisha. Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani aliyeeneza mtindo huo, alitaka wazo lisihukumiwe mapema, na hapo yuko sawa. Ubaya uko kwenye zamu: mmoja akiongea wengine wanangoja, na wakingoja wanasahau yao au wanamfuata simba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilipima mwaka 1958: watu wanne, kila mmoja akifikiri kivyake, mawazo yao ukiyajumlisha yanazidi ya wanne waliokaa kikundi.

Nikagawa karatasi. A4 ikikunjwa nusu mara nne inatoa visanduku 16. Kimya, dakika kumi, kalamu ya wino (penseli inakaribisha kufuta), kila kisanduku wazo moja, hata la kijinga. Mawazo saba nane ya mwanzo ni Kibo na jamaa zake, yaache yapite. Kichwa hutoa kwanza kilichozoeleka. Mageni huanza kuja mkono unaposita, na wengi huacha hapohapo.

Mimi hapo nina ujanja wangu. Yaliyokwisha kuandikwa napiga marufuku, nauliza swali dogo: mgeni anashika nini? Chupa ya maji, fimbo, zipu ya hema, kamba za buti. Kamba! Zinapanda tundu kwa tundu, kushoto kulia, ndivyo njia ya mlimani inavyopanda, na fundo la juu ndilo kilele. Ukikwama, tembea; mimi hushuka mpaka soko la Mbuyuni, simu nimeiacha nyumbani.

"Kaka, mbona mlima siuoni?" mteja akauliza. Nikamfungia kamba za buti lake mwenyewe pale mezani, akacheka, akalipia.

Gharama ni karatasi na bodaboda, elfu tatu nne hivi. Ila kabla ya kukabidhi, chapa nembo kwa nyeusi tupu, upana wa sentimita mbili, uone kama bado inaonekana vizuri. Na fundi wa kudarizi kofia akikataa mstari mwembamba kuliko milimita moja, unenepeshe, uzi hautaushika.